Kamba ya Eropleni

Katika mnada wa Mugumu ng'ombe walikaa upande wa josho, mbuzi na kondoo karibu na barabara. Upande wa tatu, kando ya mtaro, ndipo walipokaa watu wenye vitu vilivyokwisha kutumika. Huko bei haikuulizwa kwanza. Uliulizwa, "Unataka nini?" Mwenye taa isiyo na kioo aliondoka na koti, mwenye koti aliondoka na jogoo wawili, na mwenye jogoo alirudi nyumbani akimulika njia kwa taa isiyo na kioo.

Simioni Werema wa Kisaka alikuwa amekaa hapo kwa mnada wa tano sasa. Mbele yake, juu ya gunia, ilikuwapo eropleni.

Haikuwa eropleni ya kuchonga kwa bua la mtama. Mabawa yake yalikuwa ya mti mwepesi kama kizibo, yamefunikwa kwa hariri na kupakwa rangi nyekundu, na kutoka ncha hadi ncha yalipata urefu wa mkuki. Injini yake, ndogo kama ngumi ya mtoto mchanga, ilikunywa mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na etha ya hospitali. Tumboni ilibeba redio. Kando yake kulikuwa na sanduku la rangi ya majivu, zito kama ndoo ya maji, lenye fimbo ndefu ya chuma na kitufe kimoja mwishoni mwa waya. Ukibonyeza mara ya kwanza, mkia ulipinda kulia. Mara ya pili, kushoto. Kupaa ilipaa yenyewe, na kushuka ilishuka mafuta yakiisha.

Vyote hivyo vilikuwa vya Bwana Harrow, mhandisi wa mgodi wa dhahabu ambako Simioni alifanya kazi ya nyumbani. Kila Jumapili, kwa miaka minane, wawili hao walikwenda kwenye uwanja wa nyasi nyuma ya mgodi. Kazi ile ilitaka watu wawili. Mmoja aliinua eropleni juu ya kichwa injini ikinguruma, akakimbia kuelekea upepo unakotoka, akaiachia. Mwingine alisimama na sanduku. Simioni ndiye aliyekimbia. Hakuwahi kubonyeza kitufe eropleni ikiwa juu, wala hakuwahi kuomba.

Na kwa miaka hiyo minane mke wake, Agustina, alikaa peke yake kwenye benchi la kanisa la Kisaka. Watu walipomwuliza mumewe yuko wapi, alijibu, "Anakimbia." Hakusema zaidi. Agustina alifariki mwaka ule ule mgodi ulipofungwa. Binti yao Robi alikuwa ameolewa mbali, Sirari. Bwana Harrow alipofunga mizigo alimwachia Simioni kreti moja: eropleni, boti ndogo ya namna hiyo hiyo na sanduku. Alituma barua moja kutoka kwao, kisha akanyamaza.

Kwa hiyo Simioni alitafuta kitu kimoja tu: mtu wa pili.

Alijaribu peke yake. Alilitundika sanduku shingoni na kukimbia, akaanguka, bawa likavunjika. Alilitengeneza kwa gundi na uvumilivu. Akamwomba jirani yake Tomaso amsaidie kushika. Tomaso aliitazama eropleni, akatazama barabara.

"Ndugu yangu," alisema, "kujenga nitakusaidia. Kaburi nilikusaidia. Lakini hiyo, hapana. Watu wataniona nimeishika."

Simioni hakumlaumu. Mwaka uliotangulia eropleni kubwa ya serikali ilipita chini chini juu ya vijiji, na kabla ya masika wakaja watu wenye minyororo ya kupimia ardhi na mawe ya mpaka. Tangu hapo kitu chochote chenye mabawa ya hariri kilionekana kama mdogo wake yule mkubwa. Watu waliendelea kumsalimu Simioni vizuri. Ila hawakukaa.

Ndipo akaamua kuvipeleka mnadani, labda mtu wa pili angepatikana kati ya wageni. Boti iliondoka siku ya kwanza. Mfanyabiashara mmoja wa Tarime aliipenda rangi yake ya buluu, akampa Simioni shuka mbili nzito. Sanduku hakulitaka. Miezi miwili baadaye, akienda Sirari kumwona Robi, Simioni alipita dukani kwa yule mtu pale Bomani. Aliiona boti juu ya rafu, kati ya makopo ya maziwa na sabuni, vumbi limeifunika mpaka kwenye usukani. Alisimama mlangoni akiitazama. Boti ile ilikuwa imewahi kukata maji ya lambo la mgodi mpaka bata wakahama. Sasa haingeonja maji tena.

Siku hiyo aliapa kwamba eropleni haitaondoka ila kwa mtu atakayeirusha.

Lakini betri ya sanduku ilikuwa ya mwisho, na betri huchakaa hata ikiwa imelala. Madukani alikoiulizia aliambiwa kwamba aina ile haiji tena. Na mnada huu wa tano Simioni alikuwa amempa neno Shaaban, jirani yake wa pale mtaroni. Shaaban alikuwa mtu wa pwani aliyeoa Mugumu. Aliuza saa zilizosimama na taa zilizozimika, na ulimi wake haukusimama wala kuzimika. Kama eropleni isingepata mtu leo, Shaaban angeichukua kwa birika moja. Nyaya angezitia kwenye redio za watu, na mabawa yangewasha jiko.

"Jua limefika utosini," Shaaban alisema. "Birika lako nimelisugua mpaka linaona haya."

"Siku haijaisha."

"Haijaisha, lakini inatafuta viatu vyake. Simioni, mimi nakupenda. Kuku anataga, mbuzi anakamuliwa, hata saa mbovu husema kweli mara mbili kwa siku. Hiyo yako inafanya nini?"

"Inaruka."

"Mnada wa tano huu, na sijaona imevuka hata gunia."

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama nyuma yao akiwasikiliza. Alikuwa mrefu, amejifunga kitenge kilichopauka, na mkononi alishika kamba ya mbuzi jike mweusi mwenye tumbo kubwa.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mama."

"Hii inaruka kweli, au ni ya kuwekwa ukutani?"

Simioni aliinua macho. Katika minada mitano watu walikuwa wameuliza kama inaliwa, kama inauma, kama ni ya serikali. Hili hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Inaruka."

"Ikiwa juu inafanana na mwewe?"

"Kwa mbali, ndiyo. Ila ina kelele kuliko mwewe."

"Kelele ni nzuri." Mwanamke alichuchumaa. "Mimi ni Ghati, natoka Issenye. Nina shamba la wimbi, limeanza kuiva, na ndege hawa kwelea wamelijua. Nashinda shambani napiga debe, peke yangu. Wamenizoea. Sasa nikipiga debe wanaona nawapigia ngoma."

"Karibu watakuletea mahari," Shaaban alisema.

"Walete, mradi waache wimbi." Hakucheka, lakini pembe ya mdomo ilicheza. Akamgeukia Simioni. "Mbuzi namfungua kinywa nione meno. Hii nifungue wapi?"

Simioni alisimama, magoti yakalia. Akampa eropleni, akamwambia atembee nayo hatua thelathini, aishike juu ya kichwa kwa mikono miwili. Ghati alikwenda. Wanunuzi wa mbuzi waligeuka kutazama. Simioni aliwasha sanduku, akamwomba Mungu kwa ajili ya betri, akabonyeza.

Mkia uligeuka kulia.

Ghati alipiga kelele iliyowashtua ng'ombe upande wa josho. Lakini hakuiangusha. Alifumba macho, na mikono yake ikabaki juu. Simioni aliliona hilo, akaliweka moyoni.

"Umeigusa na nini?" Ghati aliuliza aliporudi, akihema. "Wewe ulikuwa huku!"

"Na hili."

"Kamba iko wapi?"

Simioni alitafuta maneno. Bwana Harrow hakuwahi kumweleza mawimbi ya redio ni nini kwa namna ambayo naye angeweza kumweleza mtu mwingine. "Kamba yake ndiyo hili sanduku," alisema. "Haionekani tu. Ikiwa juu, hili ndilo linaloishika isipotee."

Ghati aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa jambo la maana.

"Inataka watu wawili," Simioni aliongeza. "Mmoja hawezi."

"Nitampata," alijibu upesi, vile watu wanavyojibu wakiwa hawana.

Walikubaliana: eropleni kwa mbuzi mweusi na mimba yake. Ghati aliifungua kamba shingoni mwa mbuzi, akaikunja na kuitia kapuni. Hilo Simioni alilitegemea. Kwao mnyama huenda, kamba hubaki kwa muuzaji. Kamba ikiondoka, husemwa, na waliobaki zizini huifuata. Alichomoa uzi wa katani uliofunga kreti, akamfunga mbuzi. Kisha akamsogezea Ghati sanduku.

Ghati alirudi nyuma hatua moja.

"Hilo la nini?"

"Ndilo la kuiongozea, mama."

"Si ndiyo kamba yake? Umesema mwenyewe. Kamba ya mtu sichukui. Nikuachie zizi tupu, Mungu anione?"

"Lakini bila hili..."

"Najua, bila kamba haishikiki. Nitatafuta ya kwangu. Kwa Mhindi pale juu redio zimejaa."

Akaiweka eropleni kichwani, akaishika kwa mkono mmoja, akaondoka. Simioni alifungua kinywa amwite. Angeweza kusema mambo mengi. Angesema kwamba hapakuwa na sanduku jingine kama lile kutoka pale mpaka Nairobi. Badala yake alimkumbuka ng'ombe wa kahawia aliyemuuza mbio mbio wakati wa ugonjwa wa Agustina. Aliiacha kamba iende naye, na baada ya hapo kila kitu kikaenda. Mwanamke huyu, asiyemjua, alikuwa amekataa kumfanyia hivyo tena. Na palikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia Shaaban wala hakujiambia waziwazi: sanduku likiwa kwake, eropleni haijaondoka yote.

Mabawa mekundu yalielea juu ya vichwa vya watu, yakapotea nyuma ya malori.

"Simioni," Shaaban alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa akitania, "umemuuzia mama wa watu jembe lisilo na mpini."

Nyumbani Kisaka mbuzi alilia siku mbili mfululizo, akielekeza uso kusini, upande wa kwao. Simioni alikaa naye. Alimpa majani ya viazi, akamwambia habari za Agustina, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuambiwa. Sanduku lilikuwa juu ya meza. Alijiuliza kama amemdanganya yule mwanamke, akajijibu kwamba hakumdanganya, alinyamaza tu. Jibu hilo lilimshibisha mpaka siku ya tatu. Siku ya nne aliamka na kuona kwamba kunyamaza kwake kulikuwa kunakula wimbi la mtu.

Ijumaa alimwachia Tomaso mbuzi, akafunga sanduku na chupa ya mafuta nyuma ya baiskeli, akaelekea Issenye.

Alifika jua likiwa limepanda sana. Shamba la Ghati lilikuwa mteremkoni, na katikati yake palikuwa na dungu, jukwaa la miti la kulindia ndege. Juu ya dungu, kwenye mti mrefu, eropleni ilikuwa imening'inizwa kwa kamba, ikizunguka taratibu kwa upepo. Juu ya bawa la kushoto walikuwa wamekaa kwelea saba.

Ghati alikuwa chini na debe lake. Alimwona, akaweka fimbo.

"Siku ya kwanza walikimbia," alisema, bila hata salamu. "Siku ya pili walirudi kuangalia. Leo wanapumzikia."

"Ulipata kamba?"

"Yule Mhindi alicheka mpaka akakaa chini."

"Na mtu wa pili?"

Ghati alifuta uso kwa kitenge. "Mume wangu alikufa Kericho, kwenye chai. Barua ilikuja, yeye hakuja. Shemeji zangu wana mashamba yao, na kwelea wao." Akatazama baiskeli. "Sanduku nilikwambia sichukui."

"Sijalileta ulichukue. Nimekuja nalo na nitarudi nalo. Wewe shika eropleni."

Ghati aliliweka debe chini. Kisha akapanda dunguni kuishusha.

Simioni alimfundisha kama alivyofundishwa. Alimwonyesha namna ya kuishika chini ya mabawa, pua juu kidogo, uso kwenye upepo. "Usiitupe," alisema. "Kimbia tu. Mwishoni utasikia inakuomba. Ikikuomba, iachie."

Alijaza mafuta, akapiga pangaboi kwa kidole mara tatu, na mara ya nne injini ikapiga kelele yake nyembamba iliyomfanya ahisi yuko tena nyuma ya mgodi, Jumapili. Akasimama kando ya sanduku, kitufe mkononi. Ghati alikimbia. Alikimbia vibaya, kitenge kikimkaba miguu. Mwisho wa njia ya shamba akafungua mikono, na eropleni ikatoka kana kwamba haikuwa imeshikwa kabisa.

Kwelea waliinuka. Waliinuka shamba zima kwa mara moja, kama moshi wa nyika inayoungua, wakakunjana angani na kumiminika upande wa mto. Ghati alirusha mikono na kupiga vigelegele.

Simioni alibonyeza. Eropleni iligeuka kulia, ikamjia.

Kwa miaka minane alikuwa ameuona mgongo wake tu, ikimwacha. Hakujua kwamba ukiwa na kitufe inaweza kukurudia. Ilipita juu yake, nyekundu, tumbo lake dogo likimulikwa na jua, na Simioni akajikuta anacheka kwa sauti, kama Bwana Harrow alivyokuwa akicheka. Halafu akamfikiri Agustina kwenye benchi lake. Alitamani angekuwa amemleta hata mara moja, amsimamishe hapa, ajue mumewe alikuwa anakimbilia nini. Akaacha kucheka.

Mzunguko wa pili. Wa tatu. Akabonyeza kwa wa nne.

Mkia haukujibu.

Alibonyeza tena, na tena. Eropleni ilikwenda moja kwa moja, ikipanda, juu ya wimbi, juu ya nyumba ya Ghati, juu ya kilima chenye mawe. Ikawa kama mwewe kweli. Kisha ikawa kama nzi. Kisha ikabaki sauti tu, na sauti nayo ikaisha.

Simioni alikaa chini kando ya sanduku. Betri ilikuwa baridi kama jiwe.

Ghati alikuja akihema, miguu imechanika kwa miiba. Alitazama kilima, akamtazama yeye.

"Nimekuharibia," Simioni alisema. "Mbuzi wako nitamrudisha."

"Sijamwulizia mbuzi. Imekwenda upande gani?"

"Kule, nyuma ya kilima."

"Nikikuuzia mbuzi leo, kesho akatoroka, nani anamtafuta?"

Simioni alilijua jibu. Kila mtu aliyewahi kupita mnadani alilijua. "Muuzaji."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kamba iko kwake."

"Basi." Ghati alichukua debe lake, akalipiga mara moja kwa mazoea, ingawa hapakuwa na kwelea hata mmoja.

"Ghati, betri imekufa. Hata tukiipata, haitaruka tena."

"Sikuuliza kama itaruka. Nimeuliza nani anatafuta."

Walipanda kilima pamoja mchana ule mpaka vivuli vikarefuka. Nyuma ya kilima nyika ilianza, mbuga tupu ya nyasi na migunga mpaka macho yalipochoka, na mahali fulani ndani yake mawe meupe ya mpaka. Hawakuona chochote chekundu. Walipokuwa wakishuka, Ghati aliuliza kama anasali.

"Zamani," Simioni alisema. "Zamani sana."

"Ibada yetu inaisha mapema. Njoo Jumapili, tutaanza kutafuta kutoka hapo."

Jumapili alifika kabla ya kengele. Aliacha baiskeli nje, lakini sanduku aliliingiza ndani kwa sababu hakuwa na imani na watu wa barabarani. Aliliweka katikati ya miguu yake, benchi la nyuma, upande wa wanaume. Watu waligeuka kumtazama, kisha wakaacha. Upande wa pili alimwona Ghati, mgongo wake mrefu, akiimba kwa nguvu huku akikosea tuni. Pembeni yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na Simioni hakuweza kuacha kuitazama nafasi ile. Aliimba beti alizozikumbuka. Zilikuwa chache.

Baada ya ibada walizunguka kilima upande wa kaskazini. Waliokota manyoya ya kanga na kwato kavu ya pofu, yule swala mkubwa. Eropleni hawakuiona. Saa kumi Simioni alifunga sanduku kwenye baiskeli kwa uzi wa katani, akaukaza vizuri.

"Mbuzi amezaa?" Ghati aliuliza.

"Bado."

"Atazaa wawili, huyo." Alishika usukani wa baiskeli kidogo, kama mtu anayepima uzito, kisha akauachia. "Jumapili ijayo tutaanzia mtoni."